Tai wa Vichwa Vitatu na Mawe ya Hijazi

Mwaka 2003 jiwe lenye maandishi ya Kilatini lilipatikana Madain Salih, mji wa makaburi yaliyochongwa majabalini kaskazini ya Madina, ambao Warumi waliuita Hegra na ambao wafasiri wengi wa Qurani wameuhusisha na watu wa Thamudi. Jiwe hilo halisemi kwa mafumbo. Linamtaja Kaisari Marcus Aurelius, gavana wa jimbo aitwaye Iulius Firmanus, maakida wawili wa Lejioni ya Tatu ya Cyrenaica, na mkubwa wa mji mwenye jina la Kiarabu, Amru bin Hayyan. Linaeleza kwamba watu wa Hegra wamekarabati kwa gharama zao jengo lililochakaa kwa umri. Wasomi wa Kisaudi al-Talhi na al-Daire walipolichapisha mwaka 2005, waliweza kulipa tarehe isiyozidi upana wa miaka miwili au mitatu, ingawa jiwe lenyewe halina tarehe. Kaisari anaitwa humo mshindi wa Wasarmatia, na cheo hicho alikipata mwaka 175. Mwanawe Commodus, aliyefanywa mshiriki wa kiti chake mwaka 177, hayumo. Kwa hiyo jiwe ni la kati ya miaka hiyo miwili.

Hii ndiyo njia ya kawaida ya kusoma mawe ya Rumi: vyeo vya mtawala hufanya kazi ya kalenda. Anayetembelea Makumbusho ya Taifa mjini Riyadh, yaliyofunguliwa mwaka 1999, huona zama za falme za Waarabu kabla ya Uislamu zikiwa na ukumbi wake, na nyuma ya takriban kila tarehe inayohusu zama za Warumi pana hesabu ya namna hii iliyofanywa na mtu fulani kwa subira. Na anayeshuka Jeddah, kama walivyoshuka mahujaji wa Unguja, Lamu na Mombasa kwa vizazi vingi, hukanyaga ukingo wa bahari ileile ambayo askari wa Kirumi waliilinda, kaskazini yake na kusini yake, na kuacha majina ya wafalme wao.

Lakini katika karne hizohizo za Kirumi waliandika pia watu waliokuwa na sababu ya kutolitaja jina la Kaisari. Walikuwa Wayahudi, walioshindwa vitani na kuchomewa hekalu lao mwaka 70 B.K., na walimwita Kaisari mnyama, pembe, ubawa au kichwa. Maandiko yao ya ufunuo yametufikia bila tarehe na bila jina la kweli la mwandishi. Swali la yaliandikwa lini si la udadisi tu. Kitabu kilekile kinakuwa kilio cha mashahidi au kinakuwa kazi ya wajukuu wanaotumia kilio cha babu zao, kutegemea kama kiliandikwa miaka thelathini baada ya moto ule au miaka mia na hamsini.

Kitabu kinachoonyesha tatizo hili vizuri kuliko vyote ni kile ambacho wasomi hukiita Ezra wa Nne. Ezra si mgeni kwa msomaji wa Kiswahili. Wakristo wanamjua kama mwandishi na kuhani aliyewarejesha watu kwenye Sheria baada ya uhamisho wa Babeli. Waislamu wanamjua kwa jina la Uzair, na baadhi ya wafasiri wamesema ndiye yule aliyepita kando ya mji uliokuwa magofu, akashangaa utahuishwaje, akafishwa miaka mia moja kisha akafufuliwa. Katika masimulizi hayo Uzair huirudisha Taurati kwa kumbukumbu baada ya kupotea. Na katika sura ya mwisho ya Ezra wa Nne pia, Ezra huwasomea waandishi watano kwa siku 40, nao huandika vitabu 94: vitabu 24 vya kusomwa na wote, na 70 vya kuhifadhiwa kwa wenye hekima. Kwamba kumbukumbu ya tukio hilo ilifika hata Uarabuni si ajabu, kwani kitabu kina tafsiri mbili za kale za Kiarabu zisizotegemeana, mbali na zile za Kilatini, Kisiria, Kigeezi, Kijojia na Kiarmenia. Asili yake, inayodhaniwa kuwa ya Kiebrania, imepotea. Hata ile ya Kigiriki ambayo tafsiri hizo zilitokana nayo imebaki vipande tu.

Kitabu kinaanza kwa kusema kwamba Ezra alikuwa Babeli katika mwaka wa thelathini tangu kuangamizwa kwa mji, akiwa kitandani, moyo umefadhaika, akiuona ukiwa wa Sayuni na neema ya Babeli. Ukitazamwa kwa hesabu ya historia, mwaka huo hauwezekani. Yerusalemu iliangushwa na Wababeli mwaka 587 au 586 K.K., na Ezra wa historia alikuja karibu miaka mia baada ya mwaka huo wa thelathini. Mwandishi hakuwa mjinga wa mambo ya kale. Babeli yake ni Rumi, na mji wake ni Yerusalemu iliyochomwa na Titus. Ukijumlisha 70 na 30 unapata mwaka 100 B.K., na wengi wametulia hapo. Ila nambari thelathini ina kasoro yake kama ushahidi: kitabu cha nabii Ezekieli nacho kinaanza kwa mwaka wa thelathini, Babeli, miongoni mwa mateka. Huenda mwandishi hakuwa akihesabu miaka, bali alikuwa akivaa kanzu ya Ezekieli. Tarehe inayosimama juu ya nambari hiyo peke yake ina mguu mmoja.

Mguu wa pili umetafutwa kwa njia ambayo ni ya zamani kuliko vyuo vikuu. Katika karne ya 3 B.K. mwanafalsafa Porphyry, adui mkubwa wa Ukristo, alikisoma kitabu cha Danieli akaona jambo. Sura ya 11 inaeleza vita vya wafalme wa kaskazini na wa kusini, yaani Siria na Misri, kwa usahihi wa mtu aliyekuwapo, hadi kufikia Antiochus wa Nne alivyolitia hekalu unajisi mwaka 167 K.K. Kisha usahihi unakatika. Mfalme anatarajiwa kufa kati ya bahari na mlima mtakatifu, ilhali Antiochus alifia Uajemi mwaka 164 K.K. Porphyry akahitimisha kwamba mwandishi aliishi pale usahihi ulipokatikia. Jerome, aliyeandika kumpinga, ndiye aliyetuhifadhia hoja hiyo, na ni moja ya bahati za historia ya fikra kwamba mpinzani alinukuu kwa uaminifu. Wanahistoria wa leo huitumia kanuni ya Porphyry bila chuki yake: nabii wa kubuni huijua historia hadi siku yake, na huitumaini baada ya hapo. Mshono kati ya kujua na kutumaini ndio tarehe ya kitabu.

Mara nyingine mshono huo huonekana kirahisi. Kitabu cha tano cha mashairi ya Kisibila, kilichotungwa kwa Kigiriki na Wayahudi wa Misri, kinaorodhesha makaisari kwa thamani ya herufi ya kwanza ya kila jina. Msomaji aliyezoea hesabu ya abjadi, ambayo washairi na walimu wa mwambao walifungia tarehe, hahitaji maelezo marefu: Augustus ni 1, Tiberius ni 300, Gaius ni 3, Nero ni 50, Vespasian kwa tahajia ya Kigiriki ni 70, Domitian ni 4. Orodha inafika kwa mtu mwenye jina la bahari, yaani Hadrian, anayekumbushia Adria, naye anasifiwa. Sifa hiyo haiwezi kutoka kinywani mwa Myahudi baada ya vita vya Bar Kokhba vya mwaka 132 hadi 135, ambavyo Hadrian alivizima kwa umwagaji damu wa kutisha. Mstari mmoja unaofuata unawataja watawala watatu baada yake, na mstari huo huonekana kuwa kiraka cha mkono mwingine. Hapa abjadi imefanya kazi ileile ambayo vyeo vya Marcus Aurelius vilifanya kwenye jiwe la Hegra.

Ezra wa Nne hana abjadi. Ana tai.

Tai huyo anapanda kutoka baharini, katika sura ya 11, akiwa na mabawa kumi na mawili na vichwa vitatu, na kichwa cha katikati ni kikubwa kuliko vingine. Anatandaza mabawa juu ya dunia yote. Kutoka katika mabawa hayo yanaota mabawa madogo manane. Mabawa yanatawala kwa zamu na kutoweka. La pili linatawala muda mrefu hata sauti inatangaza kwamba hakuna atakayelifuata atakayefikia hata nusu ya muda wake. Baadaye vichwa, vilivyokuwa vimelala, vinaamka. Kile cha kati kinaungana na wenzake, kinayala mabawa madogo mawili, kinaitawala dunia kwa mkono mzito kuliko wote waliotangulia, kisha ghafla hakipo. Vinabaki viwili, na kile cha kulia kinakila cha kushoto. Hapo simba anatoka msituni akinguruma na kumsomea tai mashtaka yake kwa sauti ya mwanadamu. Kichwa cha mwisho kinatoweka, mabawa mawili yaliyokuwa chini yake yanainuka na kutawala kwa muda mfupi wenye ghasia, na mwili wote wa tai unateketea.

Malaika anampa Ezra tafsiri, na tafsiri hiyo ina sentensi ya ujasiri usio wa kawaida: tai huyu ndiye ufalme wa nne ambao Danieli alionyeshwa, lakini Danieli hakuelezwa kama anavyoelezwa Ezra sasa. Yaani mwandishi anajua kwamba mnyama wa Danieli alikuwa na maana nyingine, naye anampa maana mpya waziwazi. Ni nadra andiko la aina hii kukiri hivyo.

Ubawa wa pili hauna ubishi mkubwa. Ikiwa wa kwanza ni Julius Caesar, wa pili ni Augustus, ambaye tangu ukonsuli wake wa kwanza mwaka 43 K.K. hadi kifo chake mwaka 14 B.K. alishika madaraka kwa miaka 56. Tiberius aliyemfuata alipata 23. Vichwa vitatu vimesomwa na wengi kuwa ni Vespasian na wanawe wawili, Titus na Domitian, nyumba iliyoiangusha Yerusalemu. Malaika anasema mmoja wao atafia kitandani, ila kwa maumivu: Vespasian aliugua tumbo akafa Juni 79. Suetonius anaongeza kwamba alijikokota kusimama, akisema kaisari yampasa afe akiwa wima, akafia mikononi mwa waliomshika. Kitanda cha Ezra na miguu ya Suetonius havipatani kabisa, lakini habari zilizovuka bahari hadi Palestina hazikupimwa kwa rula. Titus alikufa Septemba 81 baada ya miaka miwili tu, kwa homa. Mara moja uvumi ukaenea kwamba ndugu yake alikuwa na mkono katika kifo hicho. Cassius Dio anasimulia habari za sanduku la theluji alimolazwa mgonjwa. Mwanahistoria wa mahakamani angeukataa uvumi. Lakini kwa anayetaka kujua tarehe ya andiko, uvumi ni ushahidi mzuri, maana haumwonyeshi Titus alivyokufa, unaonyesha watu walivyoamini katika masoko ya majimboni. Kichwa kimekila kichwa. Halafu Domitian mwenyewe aliuawa kwa kuchomwa kisu tarehe 18 Septemba 96.

Mshono basi uko wapi? Simba anazungumza wakati kichwa cha mwisho kingali hai. Msomi anayeushika uzi huo atasema maono yalitungwa chini ya Domitian, na kwamba kifo kwa upanga kilikuwa dua iliyokubaliwa. Mwingine atasema kifo hicho tayari kilikuwa kimetokea, na mabawa mawili ya mwisho ni Nerva, mzee aliyetawala kwa mwaka mmoja na nusu, pamoja na mwenzake. Kwa njia yoyote, kitabu kinaangukia kati ya miaka ya 90 na 100, na nambari thelathini, hata kama ilivaliwa kama kanzu, inakuwa kanzu iliyomkaa mwandishi sawasawa.

Hesabu hii ingekuwa imekwisha kama si Alfred von Gutschmid, aliyeandika mwaka 1860 kwamba tai ni wa zama nyingine kabisa. Fikra yake haikutoka hewani. Septimius Severus alifia York, Uingereza, Februari 211, kitandani, akiwa mgonjwa wa miguu kwa miaka mingi. Aliacha wana wawili, Caracalla na Geta. Kabla ya mwaka kuisha Caracalla alimuua Geta mbele ya mama yao, Julia Domna. Hapa hapana uvumi wala theluji, bali upanga wa kweli. Caracalla naye akauawa Aprili 217 karibu na Carrhae. Waliomfuata ni Macrinus, aliyekuwa ofisa wake, na mwanawe Diadumenian, wawili, kwa muda mfupi wenye ghasia, na wote wawili wakauawa mwaka 218. Baba anayefia kitandani, ndugu anayemla ndugu, mabawa mawili yaliyokuwa chini ya kichwa cha kulia: kila kitu kinakaa. Gutschmid akasema maono ya tai yalichomekwa ndani ya kitabu cha zamani katika mwaka huo wa 218. Hoja ikasahauliwa kwa muda mrefu, hadi Lorenzo DiTommaso alipoifufua mwaka 1999 kwa makala iliyowalazimisha wenzake kuitazama upya.

Wala haiondolewi kwa kusema kwamba Clement wa Aleksandria, mwishoni mwa karne ya 2, ameshanukuu Ezra wa Nne. Amenukuu, lakini si kutoka maono ya tai. Tena upande wa kina Vespasian una deni lake. Ukihesabu makaisari kutoka Julius hadi Vitellius unapata tisa, si kumi na wawili. Ili kufikisha idadi, ama uwahesabu wale watatu mara mbili, kama mabawa na kama vichwa, ama uwatafute wadai kiti ambao hawakukikalia. Gutschmid aliyajaza mabawa yake kwa urahisi zaidi, kwa sababu karne moja zaidi ilimpa makaisari wengi wa kuchagua. Urahisi huo ndio unaopasa kutiliwa shaka. Kadiri orodha ya wafalme inavyorefuka, ndivyo kila fumbo linavyopata mtu wa kulivaa.

Wanaosoma historia ya mwambao wa Afrika Mashariki wamekutana na tatizo la aina hii mahali pengine. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kinachoeleza Azania na soko la Rhapta, hakina tarehe pia. Ushahidi wake mmoja mkubwa ni jina: kinasema kutoka bandari ya Leuke Kome kulikuwa na njia ya kwenda Petra, kwa Malichas mfalme wa Wanabati. Lakini Wanabati walikuwa na wafalme zaidi ya mmoja wenye jina hilo. Jacqueline Pirenne alitaka kukishusha kitabu hadi karne ya 3. Wengi leo wanakubali Maliku wa Pili, aliyetawala kati ya mwaka 40 na 70, na jina la mfalme huyo pamoja na miaka ya utawala wake vimechongwa kwenye milango ya makaburi ya Hegra. Kwa hiyo tarehe ya maelezo hayo ya kale ya mwambao wetu imeshikizwa kwa sehemu na majabali ya Hijazi, na imeshikika kwa sababu kuna mawe ya kuzuia jina lisielee. Tai wa Ezra hana jiwe la kumzuia.

Hivyo uamuzi unabidi utafutwe nje ya orodha, katika hali ya watu. Malaika anasema vichwa vitatu vitaionea dunia kuliko wote waliotangulia. Kwa Myahudi aliyeishi baada ya mwaka 70, maneno hayo hayahitaji ufafanuzi. Nyumba hiyo ilichoma hekalu, ikachukua kodi ya drakma mbili ambayo kila Myahudi alikuwa akiilipia hekalu na kuielekeza kwa Jupiter wa Rumi, na Domitian akaidai kwa ukali uliomshangaza hata Suetonius. Zama za kina Severus hazina kidonda cha namna hiyo kwa Wayahudi. Masimulizi ya marabi yanamkumbuka kaisari waliyemwita Antoninus, rafiki wa Rabi Yuda, aliyekuja kujifunza kwake, na wengine wamedhani huyo Antoninus ni Caracalla mwenyewe. Pengine mwandishi wa mwaka 218 alikuwa Mkristo mwenye malalamiko yake. Lakini itabidi basi aeleweke aliliwekaje tai wake ndani ya kitabu kinacholia Sayuni kila ukurasa, akatumia sauti ileile, wala asiache alama ya imani yake mdomoni mwa simba. Sura za mwanzo na za mwisho ambazo Wakristo waliziongeza kweli kwenye kitabu hiki, katika Kilatini, hazina aibu hiyo, zinajitangaza. Kinachobaki cha Gutschmid ni mabawa mawili ya mwisho, ambayo Nerva hayajazi vizuri. Si jambo gumu kuamini kwamba mnukuzi wa karne ya 3, aliyeona Macrinus na mwanawe wakianguka, aligusa mistari michache. Mwili wa tai ni wa karne ya 1.

Na kama ni wa karne ya 1, basi mawe ya Saudi Arabia yanaonyesha jambo ambalo mwandishi hakuishi kuliona, au aliliona kwa uchungu. Alitarajia tai ateketee mara tu baada ya kichwa cha tatu. Miaka kumi baada ya kifo cha Domitian, mwaka 106, Trajan aliumeza ufalme wa Wanabati na kuuita jimbo la Arabia. Hegra, iliyokuwa imeandika miaka kwa wafalme wake yenyewe, ikaanza kuandika kwa makaisari. Mwaka 143 au 144, chini ya Antoninus Pius, kikosi cha Lejioni ya Pili ya Traiana kiliacha maandishi ya Kilatini katika visiwa vya Farasan, mkabala na Jizan, kusini mbali na mahali ambapo Jeddah ingekuja kuwa bandari ya Makka, na maandishi hayo yanamtaja msimamizi wa bandari ya hapo. Kati ya mwaka 165 na 169, huko Ruwwafa kaskazini-magharibi, watu waliojiita Thamudi walijenga hekalu na kuliandika kwa Kigiriki na Kinabati, wakiwaombea Marcus Aurelius na Lucius Verus. Tai alikuwa bado ametandaza mabawa, na chini yake walikuwa watu wa jina ambalo kizazi cha mbele kingelisikia kama mfano wa kaumu iliyoangamizwa.

Ng'ambo ya bahari hiyo ni Habasha. Waislamu wa kwanza waliokimbilia huko walipandia Shuaiba, bandari ya Makka kabla ya Khalifa Uthman kuihamishia Jeddah. Katika nyumba za watawa wa Habasha, Ezra wa Nne alinakiliwa kwa Kigeezi pamoja na kitabu cha Henoko, ambacho James Bruce alikileta Ulaya mwaka 1773 na ambacho nacho kinatafutiwa tarehe kwa njia ileile: sura moja yake inawataja Waparthi na Wamedi wakichochewa kuivamia nchi ya wateule, na wasomi wengi wamekumbuka uvamizi wa Waparthi katika Palestina mwaka 40 K.K. Richard Laurence, aliyekitafsiri Henoko kwa Kiingereza mwaka 1821, alikuwa ametoa Ezra wa Kigeezi mwaka mmoja kabla. Nakala hizo zina tai mzima: mabawa yake, vichwa vyake, simba wake. Wanukuzi wake waliishi karne nyingi baada ya kaisari wa mwisho wa Rumi kuvuliwa taji mwaka 476, chini ya wafalme wao wenyewe, nao waliuandika ufalme wa nne kwa wino uleule mweusi, bila kuubadilisha jina.